Salme akisomwa kutoka Ibighi

Mwanamke mwandishi aliyeikimbia nchi yake hafiki mbali kabla hajaulizwa jambo ambalo waandishi wanaume wa uhamishoni huulizwa kwa nadra: wanawake wa kwenu wanaishije? Waandishi wa Iran waliotawanyika baada ya mapinduzi ya 1979 wanalijua swali hilo kama wanavyojua mtaa wanaokaa. Shahrnush Parsipur, aliyetiwa jela kwa ajili ya kitabu chake cha 1989 kuhusu wanawake wanaokutana katika bustani moja huko Karaj, alihamia Marekani mwaka 1994, na tangu hapo kila anapotajwa hutajwa kwanza kama shahidi wa mateso, halafu ndipo kama fundi wa hadithi. Goli Taraghi, aliyehamia Paris, alilikwepa swali kwa ujanja wa kupendeza: aliendelea kuandika kwa Kiajemi. Hadithi yake fupi inayojulikana sana inaanza na theluji ya Paris na mama anayengoja basi na binti yake, kisha theluji ile inamrudisha Tehran ya utotoni, kwenye basi la Shemiran na dereva wake. Ndani yake hakuna hoja ya kutetea wala ya kushtaki. Yupo dereva, yupo mtoto anayempenda, na lipo basi. Swali la mwenyeji humgeuza mwandishi kuwa wakili. Wakili ana mteja na ana hakimu, na hakimu ndiye anayechagua lugha ya mahakama. Msimulizi ana wasikilizaji tu. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kazi ya mwanamke wa uhamishoni hupimwa vizuri zaidi pale alipolisahau swali, na kwamba mara nyingine msimulizi ndani yake humshinda kesi wakili aliyekaa naye kalamu moja.

Afrika Mashariki inaye mwandishi wa namna hiyo, tena alitangulia miaka 100 kabla ya wenzake wa Iran. Sayyida Salme binti Said bin Sultan alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, akafariki mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani, akiitwa Emily Ruete. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kufunga ndoa mwaka 1867, kisha wakaenda Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, na kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa za mwanamke Mwarabu kuchapwa. Unguja wanamkumbuka kwa chumba chake katika jumba la makumbusho la kasri, na watalii huuziwa kisa cha mapenzi. Huku bara, kwa mfano hapa Ibighi, kata ya Tukuyu iliyo chini ya Mlima Rungwe, jina lake halina uzito wowote. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni siku nzima ndani ya basi, halafu kuna boti ya kuvukia. Lakini umbali huo ndio unaotufaa, kwa sababu kitabu chake kinasomeka tofauti kikisomwa kutoka upande ule ambako mali na watu wa kasri vilikuwa vinatoka.

Tuanze na kalamu yenyewe. Katika nyumba ya baba yake, Sultani Sayyid Said, wasichana walifundishwa kusoma Kurani, wala si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ubao wa siku zile, kisha akasaidiwa na mtumwa mmoja msomi. Ujuzi huo ndio uliomponza. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, ndugu waligawanyika, na mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua kaka yake Majid, aliyekuwa Sultani, alihitajika mtu wa ndani anayejua kuandika barua. Binti wa miaka 15 akawa karani wa njama. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu wasioaminiana. Kabla hajatoka Unguja, basi, alikwisha kuonja uhamisho wa nyumbani, na aliuonja kwa sababu ya wino. Anayemsoma kama binti aliyeponzwa na mapenzi peke yake anaruka sura hii, na anamnyima Salme kitu alichokitafuta kwa shida kuliko mume.

Katika dibaji anaeleza kwamba aliandika kwa ajili ya wanawe, ambao walijua kidogo tu kuhusu alikotoka, na kwamba kazi ilimchukua miaka kadhaa kabla ya kushawishika kuichapisha. Msomaji makini ataona mshono. Kuna kurasa zilizoandikiwa watoto na kuna kurasa zilizoandikiwa majirani wa Berlin. Zile za watoto zinakupitisha uani Mtoni, kati ya paa, tausi, mbuni na korongo wekundu, hadi kwenye roshani kubwa ya mviringo inayotazama bahari, ambako baba yake, mguu mmoja ukichechemea kwa jeraha la risasi ya zamani, alitembea huku na huko ameinamisha kichwa, na watoto wakajua wasimsogelee. Za majirani zina vichwa vya habari kama vya mahakama: hali ya mwanamke wa Mashariki, ndoa, utumwa. Hapo sauti inabadilika. Anaanza kujibu mashtaka ambayo watoto wake hawakuwa wamemshtaki: kwamba buibui si minyororo, kwamba mwanamke wa Ulaya naye ana vifungo vyake, kwamba shule za Kijerumani zinajaza vichwa na kuacha mioyo mitupu. Baadhi ya majibu hayo ni makali na ya haki, na kwa mwaka 1886 yalihitaji ujasiri. Hata hivyo ni majibu. Aliyeyaanzisha si yeye.

Linganisha na ukurasa anaomchora Shesade, mke wa baba yake aliyetoka Uajemi, binti wa ukoo wa kifalme wa huko. Huyu ndiye Muirani wa uhamishoni aliyefika Unguja kabla hatujawa na neno la kumwita hivyo, na hamamu ya Kidichi, yenye nakshi za Kiajemi, inatajwa hadi leo kwamba ilijengwa kwa ajili yake. Salme anamwonyesha akiwa juu ya farasi, akienda kuwinda na wapanda farasi wake wa Kiajemi, jambo lililowaudhi wakubwa wa nyumba. Anaonyesha nguo zake zilizotariziwa lulu halisi. Lulu zilikatika nyuzi na kudondoka sakafuni, na mtumishi aliyeziokota wakati wa kufagia aliambiwa azichukue ziwe zake. Baadaye Shesade aliachwa, akarudi kwao, bila mtoto. Kisa kizima hakimalizi kurasa nyingi, na hakuna hukumu ndani yake: unaona kiburi, ukarimu, upweke na fujo ya fedha vyote katika lulu chache zilizo chini ya ufagio. Mwandishi wa hadithi fupi yeyote, awe wa Tehran au wa Tukuyu, angetamani kuwa na ukurasa huo. Na ndiyo maana sioni shida kumweka Salme katika darasa la watunzi wa hadithi fupi, ingawa maktaba zinamweka kwenye tawasifu. Kitabu chake ni visa vilivyofungwa pamoja, na vingi vinasimama vyenyewe.

Sasa tufike kwenye sura ya utumwa, ambayo kwa msomaji wa nyanda hizi haipitiki kirahisi. Wakili yuko kazini kwa nguvu zote. Anadai utumwa wa Mashariki haufanani na ule wa Marekani, anawacheka Wazungu wapenda ukombozi, anaonya dhidi ya kuwaachia watumwa kwa ghafla, na kuhusu watu weusi anatoa maneno ya dharau yasiyo na haja ya kurudiwa gazetini. Maneno hayo yalichapwa mwaka 1886. Mwaka uliofuata, Oktoba 1887, upande wa pili wa Mto Songwe, karibu na Karonga, watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetokana na mtandao wa pwani, waliwashambulia Wangonde, ndugu wa karibu wa Wanyakyusa. Wengi walikimbilia kwenye matete ya ziwa dogo la Kambwe, na matete yakachomwa moto. Mlozi aliendelea hadi alipokamatwa na Waingereza na kunyongwa mwaka 1895. Bonde la Wanyakyusa lenyewe halikuvunwa kama nchi za jirani, lakini misafara ya kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa haikuwa hadithi ya kusikia kwa mtu yeyote wa kusini, na mashamba ya karafuu ya Unguja, pamoja na yale yaliyokuwa urithi wa Salme, yalilimwa na watu waliopita Kilwa. Kumwomba msomaji wa Ibighi aisome sura hiyo kwa utulivu wa mwanafunzi wa fasihi ni kumwomba mengi.

Hata hivyo, kabla ya kukifunga kitabu kwa hasira, kuna kipande kifupi karibu na mwanzo ambacho wakili alikisahau mezani. Ni kisa cha mama yake, Jilfidan, Mcherkesi. Alikuwa mtoto mdogo wa mkulima. Vita vilipofika, familia ilijificha chini ya ardhi; wavamizi wakawakuta, wakawaua baba na mama, na wapanda farasi watatu wakaondoka na watoto watatu. Kaka mkubwa alipotea machoni mapema. Wapanda farasi wawili waliobaki walikwenda pamoja, na dada mdogo, wa miaka kama 3, alilia akimwita mama mpaka jioni. Jioni njia zikaachana. Jilfidan hakusikia tena habari za yeyote kati yao. Alifika mikononi mwa Sayyid Said angali mdogo, na Salme anatupa kipimo cha umri huo kwa jambo moja: jino lake la kwanza la utoto lilimng'oka akiwa tayari ndani ya kasri. Baada ya hapo mama anakuwa suria, anajifunza kusoma, anasifiwa kwa kushona na kuuguza wagonjwa, na anafariki mwaka 1859 kwa kipindupindu. Sura ya utumwa iko mbali sana na ukurasa huu, na Salme haiunganishi. Hakuna mahali ndani ya sura hiyo anapoandika kwamba mama yangu naye alitekwa. Lakini msimulizi amekwisha kutoa ushahidi chini ya kiapo, na ushahidi wa mtoto wa miaka mitatu anayelia hadi magharibi hauwezi kupingwa na hoja ya mtu mzima kuhusu tabia za watumwa. Kama ningetakiwa kuchagua ukurasa mmoja wa kumfunga Salme kwa maneno yake mwenyewe, ningechagua huo. Na huohuo ndio unaomwokoa.

Wapo watakaosema: yote hayo ni ya fasihi, lakini mwanamke huyu aliuza nchi. Ni shtaka zito na lina msingi. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja kwa meli iliyoambatana na kikosi cha manowari za Ujerumani, wakati Bismarck alipokuwa anamshinikiza Sultani Barghash ayakubali madai ya Wajerumani bara. Binti wa Sultani mwenye uraia wa Kijerumani, mwenye mtoto wa kiume na madai ya urithi, alikuwa karata nzuri mezani. Barghash, yuleyule aliyeandikiwa barua na dada yake mwaka 1859, alikataa kumwona. Sisi huku tunayajua matokeo ya mchezo ule kwa majina ya mahali: Wajerumani walipojenga boma lao Tukuyu waliuita mji Neu-Langenburg, kwa heshima ya ukoo wa mwanamfalme aliyeongoza chama cha kudai makoloni. Lakini tazama karata yenyewe ilichezwaje. Barghash alipokubali, haja ya Salme ikaisha. Alipokwenda tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, hakupata kitu, akahamia Shamu na kukaa huko hadi 1914. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zikabadilishana maeneo kwa mkataba mmoja: Unguja ikaenda kwa Waingereza, na katika karatasi hiyohiyo mpaka ukapita Mto Songwe, Wanyakyusa upande huu, Wangonde upande ule. Kalamu iliyomfungia Salme mlango ndiyo iliyowapasua ndugu wa huku. Hilo halimfanyi kuwa mzalendo. Linamfanya kuwa mtu aliyedhani anamtumia mkubwa kumbe anatumiwa, na watu wa namna hiyo bara tulikuwa nao wengi, baadhi yao machifu tunaowasifia.

Pingamizi la pili ni la lugha. Aliandika Kijerumani, basi awaachie Wajerumani. Taraghi amebaki na Kiajemi chake na wasomaji wake Tehran, kwa nini huyu, aliyezaliwa kati ya Kiarabu na Kiswahili, aliingia lugha ya mwenyeji? Hapa nakubali nusu. Kijerumani ndicho kilichomtengenezea hakimu, na kurasa za uwakili zisingekuwepo kama angewaandikia wanawake wa Mtoni. Ushahidi uko katika kazi yake nyingine, barua ndefu alizomwandikia rafiki wa nyumbani, ambazo hazikuchapwa enzi za uhai wake na zilitoka katika miaka ya 1990. Ni Kijerumani vilevile, lakini msikilizaji amebadilika, na wakili ametoweka. Hakuna anayeshawishiwa. Yupo mwanamke anayeshangaa nyumba ambazo kila mlango umefungwa, anayeogopa baridi kama mnyama aliye nje ya zizi, anayegundua baada ya kifo cha mumewe kwamba sheria ya Hamburg inamtaka awe na wasimamizi wanaume juu ya mambo yake na ya wanawe. Ulaya iliyokuwa ikimhoji kuhusu minyororo ya mwanamke wa Mashariki ilimpa mlezi akiwa mtu mzima mwenye watoto watatu. Haandiki hilo kama hoja. Analieleza kama mtu anavyoeleza bei ya mkaa. Alianza kufundisha Kiarabu ili apate senti, akahama miji kufuata kodi nafuu. Kwa hiyo mkosaji si lugha peke yake. Mkosaji ni mtu unayemfikiria wakati wa kuandika. Taraghi alikuwa na bahati ya kuwa na wasomaji kwao. Salme alikuwa na rafiki mmoja wa kwenye karatasi, na huyo alitosha.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu: kwa nini tumsikilize binti wa Sultani wakati waliobebwa mateka hawakupewa kalamu? Jibu ni kwamba baadhi yao walisema, tena si mbali na hapa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakafungua kituo Utengule, katika nchi ya Wasafwa, penye ngome ya zamani ya Merere, chifu wa Wasangu. Katika kituo hicho mmisionari Elise Kootz-Kretschmer, aliyeandika vitabu vitatu vizito kuhusu Wasafwa kati ya 1926 na 1929, aliandika pia maisha ya wanawake waliokimbilia pale. Mmoja ni Narwimba, mjane aliyetafuta kinga kwa kuolewa ndani ya ukoo wa marehemu mumewe, kisha akatekwa na kuhangaika na watoto katika nchi zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Mwingine ni Chisi, aliyechukuliwa angali mtoto na kupita mikono kadhaa kama bidhaa. Mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya masimulizi hayo na kuyachambua katika kitabu cha 1993 kuhusu mikakati ya watumwa na wanawake. Kinachoshangaza ni kwamba Narwimba na Chisi hawatetei wala hawalaani taasisi yoyote. Wanataja nani alinichukua, nani alinipa chakula, nani nilimwita baba ili asiniuze. Ni hesabu ya ulinzi, mtu kwa mtu.

Mtu atauliza, na ni haki yake, kama masimulizi yaliyopita kwenye daftari la mmisionari yanaweza kuaminiwa. Kituo kilihitaji visa vya giza la kale na mwanga wa wokovu, na kila anayekusanya hukata na kushona. Kweli. Ila jaribu kipimo kilekile tulichotumia kwa Salme: tafuta mahali ambapo kisa kinamponyoka mwenye kukitumia. Mwisho wa wokovu katika maandishi ya misheni ni wa kutarajiwa na mara nyingi hauna ladha. Lakini mjane anayepiga hesabu ni mwanamume yupi wa ukoo ana bunduki na roho nzuri, hiyo hakuitunga mmisionari. Haikumsaidia kitu kwenye ripoti yake kwa makao makuu ya Wamoraviani huko Herrnhut. Kama ilivyo kwa lulu za Shesade, kitu kidogo kilichobaki bila kazi katika hoja ndicho kinachoonyesha kwamba mtu alikuwepo pale.

Ndipo inapofaa vitabu hivi viwili, cha Salme na cha Wright, vikae rafu moja, na kwa maoni yangu rafu hiyo inafaa kuwa ya shule za huku kabla ya kuwa ya duka la watalii Forodhani. Mwanafunzi wa Tukuyu akianza na Chisi, mtoto wa nyanda hizi asiyejua kesho atalala kwa nani, kisha akafungua Salme na kumkuta Jilfidan juu ya farasi wa mgeni, hatahitaji mwalimu wa kumweleza uhusiano. Atataka tu kujua ilikuwaje binti wa yule wa pili akaandika sura ile ya utumwa, na mwalimu atalazimika kurudi naye nyuma, ukurasa hadi ukurasa, mpaka kwenye lile jino la utoto lililong'oka ndani ya kasri.